Somo: Kupima afya ya primula za porini kwa kuchungulia maua

Primula ya manjano (Primula veris) huchanua kwenye malisho ya Ulaya, hasa Aprili na Mei. Wingi wa maua usikudanganye. Mmea huu huishi miaka mingi, hivyo kundi lililoacha kuzaa bado litapendeza machoni. Kinachofichua hali yake ni uwiano wa maumbo mawili ya ua, ambao hutarajiwa kuwa nusu kwa nusu.

1. Chungulia mdomo wa mrija wa ua bila kulichuma. Ukiona kitufe kimoja cha mviringo, kama kichwa cha pini, hiyo ni stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua: andika "pini". Ukiona vifuko vitano vya chavua vimepanga duara, andika "vifuko". Stigma yake imejificha ndani zaidi.

2. Tembea kwa mistari kukatiza eneo zima, ukichungulia ua moja kwa kila mmea, hadi mimea 100. Hapa ndipo wengi huharibu: mashina manne yanayotoka kwenye shada moja la majani ni mmea mmoja, na maua yake yote yana umbo lilelile.

3. Toa idadi ndogo kwenye kubwa, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa jumla. Kwa 62 na 38 ni 24 × 24 ÷ 100 = 5.76. Ikizidi 3.84, kikomo cha kawaida cha kitakwimu kwa hesabu hii, tofauti hiyo ni vigumu kuiita bahati tu ya mimea uliyoikuta. Kwa 55 na 45 jibu ni 1, usihangaike.

Chavua huzaa vizuri ikifika kwenye umbo la pili. Umbo moja likipungua, lililozidi hukosa wenza na mbegu hupungua.

4. Tafuta miche. Ikikosekana, tazama nyasi: zisipolishwa wala kufyekwa hufunika udongo, na miche hukosa mwanga.

Maswali ya wanachama

Stigma na vifuko vyote viko mdomoni. Niandike wapi?
Safu yake peke yake. Ua la namna hiyo huweza kujichavusha. Usiligawe kwa makisio.

Kundi langu lina mimea 30 tu.
Hesabu yote. 20 kwa 10 hutoa 3.33, haifiki 3.84, 21 kwa 9 hutoa 4.8. Lakini ukishahesabu kundi zima, upungufu wa wenza ni halisi hata kama umeletwa na bahati.

Kando ya barabara mengine ni mekundu.
Mara nyingi hayo ni ya mbegu za bustani au machotara. Yaandike kando, yasiingie kwenye uwiano.