Kupamba pindo la kitambaa kwa mkono: stichi ya blanketi

Jamani overloki (ile mashine ya kufunga ukingo wa kitambaa) siyo lazima, kitambaa cha meza au cha kochi unaweza kukimalizia kwa mkono na kikapendeza kuliko cha mashine. Anza na stichi ya blanketi, ile ya vitanzi vinavyolala ukingoni, ukiiweza hii nyingine nyingi zinakuja zenyewe.

Chukua sindano ya kudarizi yenye tundu refu na ule uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6 ndani, chomoa 3 tu. Kata kama sentimita 50, ukikata mrefu sana utajifunga mafundo njiani na kuchakaa.

Kwanza pinda ukingo mara mbili, sentimita 1 kila mara, halafu pasi. Usiruke pasi hata kama umeme umekatika, subiri.

Pili, ficha fundo ndani ya pindo, toa sindano pale ukingoni kabisa. Ukingo ukuelekee wewe, unashona kutoka kushoto kwenda kulia (mnaotumia mkono wa kushoto geuzeni).

Tatu, na hapa ndo penyewe: chomeka sindano kwa juu, milimita 6 kutoka ukingoni, ncha itokee kwa chini kuvuka ukingo, kisha kabla hujavuta hakikisha uzi umepita CHINI ya hiyo ncha, usipopita hapo hakuna kitanzi, umezungushia tu. Vuta kuja kwako mpaka kitanzi kilale ukingoni, basi, usikaze, ukikaza pindo linajikunja na pasi hailinyooshi. Sogea milimita 6, rudia. Jicho likikusumbua anzia kwenye kitambaa cha drafti, vile viboksi vinakupimia bure.

Kona sasa. Stichi 3 zinaingia tundu moja: moja kabla ya kona, moja mshazari kwenye ncha, moja upande wa pili, halafu unaendelea kama kawaida.

Uzi ukikaribia kuisha usifunge fundo ukingoni, litaonekana, upeleke nyuma uuzamishe ndani ya pindo, mpya uutokezee ndani ya kitanzi cha mwisho.

Ukizoea, changanya miguu (yale mistari ya uzi inayoingia ndani kutoka ukingoni) mirefu na mifupi, au pitisha uzi wa rangi nyingine kwenye vile vitanzi vya ukingoni bila kutoboa kitambaa, inatoka bomba sana. Ila uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe loweka kwanza kipande uone kama unachuja rangi.