Somo: Jinsi ya kwenda kuona snodropu Uingereza kabla baridi haijaisha

Ndugu zangu mlioko Uingereza, Februari inatuonea sana sisi tuliozaliwa kwenye jua. Koti halivuliki, na saa kumi na moja jioni taa zinawaka. Lakini mwezi huohuo snodropu inachanua, ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, nalo huota kwa maelfu chini ya miti isiyo na jani hata moja. Kila mwaka nakwenda kuliangalia, na kila mwaka narudi na nguvu ya kuimaliza baridi. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Lenga siku, si tarehe. Msimu unaanza mwishoni mwa Januari na kufika mwanzoni mwa Machi, katikati ya Februari ndiyo kilele sehemu nyingi. Scotland huchelewa kidogo. Tazama utabiri wa hewa, usubiri jua. Joto likikaribia nyuzi 10, petali tatu za nje hunyanyuka na kuachana, na harufu ya asali inatoka. Siku ya baridi kali ua hubaki limefumba. Mimi hufika saa tano asubuhi, nikaondoka saa nane mchana.

Hatua ya 2: Chagua bustani. Kwa anayeanza, nashauri Anglesey Abbey, karibu na Cambridge. Njia ni nzuri hata kwa kigari cha mtoto, kuna aina mamia za snodropu, na mwisho wa bustani ya majira ya baridi unaingia kwenye kijisitu cha mibetula yenye magome meupe pe. Wakulima wa pale huyaosha magome hayo ili yang'ae. Juu weupe, chini weupe.

Anayetaka historia aende Colesbourne Park, Gloucestershire. Mwenye bustani hiyo wa zamani, Henry John Elwes, alizikuta snodropu zenye majani mapana huko Uturuki mwaka 1874, na aina hiyo ikapewa jina lake kwa lugha ya sayansi, Galanthus elwesii. Welford Park kule Berkshire ni zulia tupu chini ya miti. Scotland kuna Cambo, Fife. Angalieni pia orodha ya National Garden Scheme: tangu 1927 watu hufungua bustani za nyumbani kwao kwa ajili ya hisani, na mara nyingi utapata chai na keki. Kata tiketi mapema, kwa sababu bustani nyingine hufungua siku chache tu.

Hatua ya 3: Vaa gambuti na soksi nzito. Matope ni mengi.

Hatua ya 4: Chuchumaa. Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanapiga picha wakiwa wamesimama, wanaondoka wakiwa wameona weupe tu. Uzuri wa ua hili uko ndani. Bila kutoka njiani, chuchumaa, tia kidole chini ya ua, linyanyue taratibu. Utaona petali tatu fupi za ndani, kila moja na alama ya kijani nchani: nyingine kama V iliyopinduliwa, nyingine kama herufi X. Kwa alama hizo ndipo wajuzi wanatofautisha aina. Usikanyage penye majani. Jani likivunjika, kitunguu cha ua kilicho ardhini, yaani kile kishina kinene kinachoota ua, kinakosa chakula cha mwaka ujao.

Maswali ya wanachama

*Dada, nina mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Ni salama?*
Mshike mkono, mpenzi. Ua lina sumu, hasa kitunguu chake. Akigusa, mnawishe. Kemikali mojawapo iliyomo, galantamini, hutumika kutengeneza dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

*Nimeziona nyingi msituni karibu na kwangu. Naweza kung'oa chache nikapande?*
Hapana, kaka. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Nunua kwenye bustani zenyewe, Februari au Machi, zikiwa bado na majani mabichi. Zinashika vizuri kuliko vitunguu vikavu. Chukua za kawaida. Zile adimu, kitunguu kimoja kimewahi kuuzwa zaidi ya pauni 1,000.

*Shikamoo dada. Mama yangu yuko Moshi, anapenda maua kuliko kitu chochote. Nikimpelekea vitunguu vitaota?*
Marahaba mdogo wangu. Havitachanua, vinahitaji baridi ya miezi kadhaa ardhini, na mjini Moshi haipo. Tena kuvivusha mipaka kunataka vibali, maana biashara ya snodropu inadhibitiwa kimataifa. Fanya hivi: saa tano asubuhi ya huku, kwao ni saa nane mchana, mpigie simu ya video ukiwa umechuchumaa, kidole kiko chini ya ua. Mwoneshe ile kijani ya ndani.