Somo: funga memori ya VM kwenye hosti, intarapti zisikwame

Wakuu, VM (kompyuta pepe inayoendeshwa ndani ya seva halisi, yaani hosti, hapa kwa KVM ya Linux) ikianza kukwamakwama wengi tunakimbilia kulaumu netiweki, kumbe ishu iko kwenye peji za memori, yaani vile vipande memori inavyogawanywa. Kodi inayoihudumia intarapti (ishara ya kifaa kuiita prosesa) inakaa kwenye RAM ya hosti, sasa peji yake ikiwa imesukumwa kwenye swapi (sehemu ya diski inayoegeshewa memori), vCPU (prosesa pepe ya VM) inasimama pale pale ikingoja diski hata kama intarapti yenyewe ilifika fasta. Ndo maana mi nafunga memori kwanza, yaani naizuia isiende swapi, mengine baadaye.

1. Cheki prosesa. Kwa Intel:
cat /sys/module/kvm_intel/parameters/enable_apicv
Ikijibu Y safi sana, APICv (msaada wa prosesa kwa intarapti za VM) imewaka, maana kila vCPU ina peji yake ya KB 4 ambayo prosesa inaiandika yenyewe. Zamani VM ikimaliza intarapti ilibidi itoke mpaka kwa hosti kusema nimemaliza, na hiyo safari ndo ilikuwa inakula muda. AMD wana AVIC ya kazi hiyo hiyo, iko kwenye kvm_amd/parameters/avic.

2. Tenga peji kubwa. VM ya GB 8 kwa peji za MB 2 ni 4096:
echo 4096 > /proc/sys/vm/nr_hugepages
grep HugePages /proc/meminfo
Usiamini tu, soma HugePages_Total. Ikiwa pungufu ujue RAM imeshakatikakatika, weka vm.nr_hugepages=4096 kwenye sysctl (mipangilio ya kerneli) uwashe seva upya. Peji hizi haziendi swapi kabisa.

3. Fungua mipangilio ya VM kwa virsh edit, halafu weka:
<memoryBacking><hugepages/><locked/></memoryBacking>
Hiyo locked inafunga hadi memori ya QEMU yenyewe (programu inayoiendesha VM), so iachie hosti nafasi ya kupumua.

4. Zima VM kabisa uiwashe, kuriboot kwa ndani hakutoshi. Kisha, kwa Intel, angalia mstari wa PIN, unaohesabu taarifa za intarapti zinazopelekwa VM:
grep PIN: /proc/interrupts

MASWALI

Mkuu asante, ila PIN yangu ni ndogo mno, ina maana haifanyi kazi?
– Inafanya. Pale zinahesabiwa zile tu zilizomkuta vCPU yuko nje ya VM, zinazomkuta ndani prosesa inazimaliza kimya kimya, hosti hata haijui.

Nikifunga hivi naweza bado kuchomoa RAM seva ikiwa inawaka?
– Kerneli za zamani zilikuwa zinaing'ang'ania ile peji ya APIC (kidhibiti cha intarapti) ya anwani 0xFEE00000, haihamishiki, ikarekebishwa 2014. Siku hizi angalia VFIO (njia ya kuipa VM kifaa halisi), ukiipa VM kadi ya PCI memori yake yote inabanwa, hapo usiguse RAM.

Bro mi nina GB 16 na VM tatu za GB 6 kila moja, nafungaje?
– 18 haiingii kwenye 16 ndugu yangu. Funga ile moja isiyotakiwa kuchelewa, peji 3072, hizo mbili zishushe ziwe GB 4 na uziache na memori ya kawaida.