Somo: Kuangalia filamu ya viumbe wa baharini na watoto, hatua kwa hatua

Wazazi na walezi wenzangu, likizo imeingia na runinga zimeshika zamu ya kulea. Kati ya vyote tunavyowawashia watoto, filamu za baharini ndizo tunazoziamini zaidi, maana hazina matusi wala risasi. Ni chaguo zuri sana. Lakini mtoto akiachiwa filamu hiyo peke yake, ataondoka na rangi na muziki tu. Ukimuuliza ameona nini atakwambia "samaki mkubwa", na mazungumzo yataishia hapo. Filamu inakuwa somo pale mtu mzima anapokaa naye mkekani, akasimamisha picha, akauliza, akasimulia. Haya ndiyo ninayoyashauri.

Hatua ya 1: Itazame mwenyewe kwanza

Watoto wakishalala, iangalie yote. Kuandikwa kwamba inafaa familia nzima si kusema haina kifo ndani yake. Papa lazima ale, na mara nyingi anayeliwa ni mtoto wa mnyama mwingine. Andika kwenye karatasi dakika za vipande vizito, ili kesho yake visikukute umeduwaa na mtoto anakutolea macho akisubiri jibu.

Hatua ya 2: Punguza sauti, simulia wewe

Nyingi ya filamu hizi zina msimulizi wa Kiingereza anayekwenda mbio. Mtoto wa miaka mitano hapati kitu. Punguza sauti, msimulizi uwe wewe, na utumie majina ambayo wavuvi wetu wanayo tangu zamani: kasa, ng'amba, pomboo, nyangumi, potwe, taa, chewa, mkunga, pweza, nguva. Mtoto akishajua kuna kasa na kuna ng'amba, ataanza kuwatofautisha. Ng'amba ana mdomo uliochongoka, anaoutumia kunyofoa sponji, wanyama laini wanaoshikamana na miamba, kwenye nyufa za matumbawe. Kasa ana kichwa cha mviringo na akikomaa chakula chake kikubwa ni majani ya baharini. Hayo yote yanaonekana kwenye picha, hayahitaji Kiingereza.

Hatua ya 3: Kidogo kidogo

Kwa walio chini ya miaka sita, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Zima wakiwa bado wanaitaka.

Hatua ya 4: Simamisha picha na uulize

Hapa ndipo penye kazi, na mimi ningeruka hatua nyingine zote kabla ya kuiruka hii.

Anza na mikia. Simamisha papa anapoogelea, waambie watoto waonyeshe kwa mkono mkia unavyokwenda: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kisha tafuta pomboo au nyangumi. Mkia wake unakwenda juu na chini. Waache walione wenyewe kabla hujasema neno. Halafu waeleze: papa ni samaki, anapumua majini kwa matamvua. Pomboo na nyangumi ni mamalia, wana mapafu kama sisi, hupanda juu kuvuta hewa, huzaa na kunyonyesha. Mtoto aliyegundua jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe hatalisahau.

Kisha kasa. Karibu kila filamu ya bahari ina kipande cha kasa jike anayepanda ufukweni usiku. Simamisha anapochimba, mwangalieni mapezi ya nyuma: anachota mchanga kwa moja, anaumwaga, anachota kwa jingine, na shimo lote analichimba bila kuliona kwa sababu liko nyuma yake. Anataga mayai ambayo mara nyingi hupita 100, anafukia, anarudi baharini na hatayaangalia tena. Watoto watauliza kwa nini analia. Kweli machoni mwake kunatoka maji mazito, lakini hiyo ni chumvi. Kasa ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini, hata akiwa baharini anafanya hivyo, ila huko hatuyaoni.

Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Mchanga ukiwa wa joto zaidi, wanaoanguliwa wengi huwa majike, na ukiwa wa baridi kidogo huwa madume. Waulize watoto wakubwa: dunia ikizidi kupata joto, itakuwaje? Kaa kimya, waache wafikiri.

Hatua ya 5: Usikimbilie rimoti wakati wa kuwinda

Watoto wa kasa hutoka mchangani kwa pamoja, wengi usiku, na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Njiani wapo kaa na ndege, majini wapo samaki. Wanaofika utu uzima ni wachache mno. Ukizima hapo, mtoto anajifunza kwamba jambo hilo ni la kutisha kiasi kwamba hata mama hawezi kulitazama. Mimi nashauri umshike mkono, umwambie kwamba kaa naye ana njaa, na ndiyo maana kasa anataga mayai mengi. Kisha mwonyeshe waliofika majini.

Hatua ya 6: Wakubwa waelezwe filamu inavyotengenezwa

Kuanzia miaka tisa hivi, waambieni ukweli. Milio mingi tunayoisikia, kaa akitafuna au pezi likipiga, huongezwa studio. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, anayeonekana akikimbia amepigwa picha kwa saa nyingi, kisha muda ukafupishwa. Mnyama mmoja tunayemfuata katika kisa huenda ni wanyama kadhaa waliounganishwa. Na zile rangi nyekundu za matumbawe zinaonekana kwa sababu ya taa za wapiga picha, maana maji humeza rangi nyekundu mapema, mita chache tu chini kila kitu kinaanza kuwa cha bluu. Hayo hayaifanyi filamu kuwa ya uongo. Yanamfundisha mtoto kutazama kwa akili.

Hatua ya 7: Toka nje

Nyangumi wa bluu hufika mita 30. Nendeni uwanjani mzipime kwa hatua, mtoto mmoja asimame kichwani na mwingine mkiani. Siku ya sokoni, inua shavu la changu au kibua, mwonyeshe matamvua. Walio bara watumie sato wa Mwanza au mgebuka wa Kigoma, somo ni lile lile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Dodoma: *Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa miaka minne alilia sana ndege alipomchukua mtoto wa kasa. Sasa hataki tena filamu hizo. Nimharakishe?*

Marahaba. Usimharakishe hata kidogo, huruma yake ni nzuri. Mpumzishe, kisha urudi na kipande kisicho na kuwinda: samaki wadogo wanaojificha ndani ya anemoni, mnyama anayefanana na ua, au farasi wa baharini (samaki wadogo wenye kichwa kama cha farasi) ambao dume ndiye anayebeba mayai tumboni mpaka yaanguliwe. Hicho cha kasa kitamsubiri hata mwaka mzima.

Mwanachama wa Mombasa: *Mwanangu alikuwa anapenda kuogelea, tangu aone papa hataki kutia mguu majini.*

Mpeleke kwa potwe. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ni jamii ya papa, na chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja kinywani. Kisiwani Mafia, karibu na Kilindoni, watu huogelea naye kuanzia Oktoba hadi Machi. Kisha mwelekeze kwenye tahadhari zenye maana kwake: avae viatu mwambani kwa sababu ya miiba, na kwenye mchanga aburuze miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia ashtuke na kuondoka kabla hajakanyagwa.

Mwanachama wa Mwanza: *Bando linaisha kabla filamu haijafika nusu. Tufanyeje?*

Pakua usiku kwa ubora wa chini, skrini ya simu haihitaji zaidi. Pakua vipande vya dakika tano tano badala ya filamu nzima. Kwa hatua ya 4, dakika tano za kasa zinawatosha kwa jioni nzima.

Mwanachama wa Muscat: *Sisi tuko Oman, watoto wamezaliwa huku. Kuna cha kuwaonyesha karibu?*

Kipo, tena kikubwa. Ras al-Jinz, upande wa Sur, ni moja ya sehemu mashuhuri za kasa kutaga, na wageni huongozwa usiku kuwaona. Waonyeshe filamu kwanza, halafu muende. Wakumbushe mapema kwamba tochi na mwanga wa kamera ni mwiko, kwa sababu mwanga humrudisha jike baharini kabla hajataga na huwapotosha watoto wa kasa wakaelekea nchi kavu.

Mwanachama wa Tanga: *Na yule samaki wa kale wanaomsema huku kwetu, kuna faida kumfundisha mtoto?*

Silikanti! Faida kubwa, dada. Wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na dainosaria, mpaka alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Huko kwenu alianza kunaswa kwenye nyavu miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mtafutie mwanao video yake, amtazame yale mapezi manene anavyoyapishanisha, la kulia na la kushoto kwa zamu.

Mwanachama wa Bagamoyo: *Baada ya filamu tulishuka pwani maji yalipokupwa, wakarudi na ndoo ya viti vya pweza na makombe. Ni sawa?*

Hapana, ndugu yangu. Kiti cha pweza hufa akikaa nje ya maji, na kombe tupu la konokono ni nyumba inayotafutwa na kaa wale wanaolibeba mgongoni. Safari ijayo chagueni siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi. Acheni ndoo, bebeni simu. Wapige picha, na kila jiwe walilolifunua walirudishe lilivyokuwa, upande ule ule.