Unataka kemu ya moto kwa injini ya VVT? Soma hii kabla hujatuma pesa

Kila mtu akiuliza atie kemu gani (kemshafti, ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu) kwa Altezza yake au ile Fielder, majibu yanayokuja ni namba tupu, tia 264, tia 272 (digrii za krenki ambazo valvu inakaa wazi), kama watu wanauziana viatu pale Kongowea. Kwa injini ya zamani isiyo na VVT (mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka na kufunga) namba hiyo angalau inakupa picha, maana kemshafti ukishaifunga imekaa, haisogei tena mpaka uifungue. Ya VVT inasogea huku injini inazunguka, kwa hivyo swali la kwanza si "kubwa kiasi gani", swali ni inasogea digrii ngapi, kwenda upande gani, na nani anaiamuru. Ukikosa jibu la hilo la tatu, yaani kompyuta ya gari huna uwezo wa kuingia ndani na kubadilisha, mie nakwambia mapema weka pesa yako, usinunue kemu yoyote.

Jua kwanza una mfumo gani maana watu wanachanganya sana. Kuna ule wa kuzungusha kemu mbele na nyuma tu, gia ya mbele ina vyumba vya oili ndani na oili ikiingia upande mmoja kemu inatangulia, ikiingia upande wa pili inarudi. Hiyo ndiyo VVT-i ya Toyota, AVCS ya Subaru, VANOS ya BMW. Halafu kuna ule wa kubadilisha nundu, injini ina nundu ndogo za chini na nundu kubwa za juu na inahama kutoka hizi kwenda zile, kama VTEC ya injini ya Honda B16A iliyotoka 1989. Na kuna injini zilizo na vyote viwili, 2ZZ-GE ya zile RunX Z na K20A ya Civic Type R, hizo zinazungusha intaki (kemu ya upande wa kuingiza hewa) na pia zinabadilisha nundu (2ZZ inahama karibu na rpm 6,200 ukiwa nayo unaisikia mwenyewe). Kwa injini za namna hii ukinunua kemu unanunua nundu mbili, na watu wanaangalia ile kubwa tu wakasahau ile ndogo ndiyo utakayoendesha nayo kutoka Nyali mpaka mjini kila siku.

Pia angalia kama ni intaki peke yake inayosogea au na eksozi (upande wa kutoa moshi). 1NZ-FE ya Probox na Fielder ni intaki tu. Altezza RS200 ile 3S-GE ya 1998 ni zote mbili, na hapo kazi inaongezeka mara mbili kwa sababu kuna mchanganyiko mwingi zaidi wa kujaribu.

Sasa hesabu, na usiikimbie kwa sababu hapa ndipo kemu inachaguliwa. Chukua kemu ya kawaida ya intaki inayofunguka digrii 240, na VVT ikiwa imelala, yaani haijasukuma kemu mbele, senta ya nundu (pale valvu inapofunguka zaidi) iko digrii 120 baada ya pistoni kufika juu. Nusu ya 240 ni 120, kwa hivyo valvu inaanza kufunguka pistoni ikiwa juu kabisa, sifuri. VVT ikisukuma digrii 40 mbele, valvu inafunguka digrii 40 kabla pistoni haijafika juu. Haya, toa hiyo utie ya 264 kwa senta ile ile. Nusu yake ni 132, toa 120, tayari iko wazi digrii 12 mapema hata VVT haijaguswa, na VVT ikisukuma zile 40 zake unafika 52. Ukitaka ubaki pale pale 40 ulipokuwa, VVT isipite 28. Na hata hapo kwenye 40 kemu mpya inanyanyua valvu haraka na juu zaidi kuliko ya zamani, kwa hivyo usiseme ushasalimika.

Hesabu hiyo hiyo ifanye upande wa kufunga. Ile ya 240 ikiwa imelala inafunga digrii 60 baada ya pistoni kufika chini. Ya 264 inafunga 72, maana yake kwa spidi ndogo pistoni inapanda huku inarudisha hewa ilikotoka, ndiyo hii gari kuwa zito chini ambayo watu wanailalamikia kemu kubwa. Lakini isukume na VVT digrii 28 inafunga kwa 44, mapema kuliko hata kemu ya zamani ikiwa imelala. Hiyo ndiyo raha ya VVT, unatia kemu ambayo kwa injini ya kawaida ingekutesa kwenye foleni, na VVT inakurudishia nguvu ya chini, halafu kule juu revu zikipanda unairudisha nyuma ichelewe kufunga na injini ipumue.

Ndio maana mie sikubaliani na fundi anayekwambia tia 280 halafu "tufunge VVT isisumbue". Yakhe, ukiifunga umetupa kitu kizuri zaidi kilichoko kwenye hiyo hedi (kichwa cha injini)! Kemu ya wastani na VVT inayofanya kazi, iliyotyuniwa vizuri, kwa gari ya barabarani itakupa raha kuliko kemu kubwa iliyofungwa. Kufunga VVT kuna mantiki kwa gari ya mashindano inayokaa revu za juu muda wote, basi.

Kwa hivyo unavyochagua, muulize muuzaji kadi ya kemu (karatasi ya vipimo vyake) kabla ya bei. Kwenye hiyo kadi unataka digrii za kufunguka, na zimepimwa valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani, maana wengine wanapima kwa milimita 1, wengine kwa inchi 0.050 ambayo ni milimita 1.27, na wengine tangu valvu inapoanza kutikisika. Kemu moja inaweza kuandikwa 272 hapa na 230 kule na ni ile ile, ukilinganisha kampuni mbili bila kujua hilo unajidanganya. Unataka pia lifti (valvu inanyanyuka kiasi gani) kwa milimita, senta ya nundu VVT ikiwa imelala, na muhimu kuliko vyote, mtengenezaji anaruhusu VVT isogee mpaka digrii ngapi. Kampuni za maana kama Tomei, HKS, Kelford au Brian Crower zina kemu za injini maalum na habari hizi zinapatikana. Muuzaji akishindwa kukujibu hili swali la mwisho, achana naye.

Hakikisha kemu yenyewe ni ya hedi yako. Ya VVT ina njia za oili ndani na mbele ina umbo la kushika ile gia, na mara nyingi ina meno ya sensa nyuma au katikati. Intaki ya Mitsubishi Evo VIII huwezi kuitia kwa hedi ya MIVEC (VVT ya Mitsubishi) ya Evo IX ingawa zote mnaziita 4G63. Injini za Ex-Japan zinazoteremka hapa bandarini nyingine zina hedi ya mwaka tofauti na unaodhani, kwa hivyo soma namba ya injini mwenyewe, usiamini maneno ya duka.

Ukubwa gani basi? Kwa gari ya kila siku, oto, AC inawashwa Januari mpaka Desemba kwa sababu ni Mombasa, kaa karibu na kemu ya kampuni, ongeza kidogo tu. Valvu zote mbili zikikaa wazi pamoja muda mrefu wakati gari imesimama, injini inatetemeka, breki inakuwa ngumu kwa sababu mvuto wa hewa wa servo umepungua, na kompresa ya AC ikiingia gari inataka kuzima. Sasa fikiria foleni ya feri Likoni saa kumi na moja jioni na hali hiyo. Gari ya gia za mkono unayoifurahia wikendi unaweza kwenda kubwa zaidi. Na uangalie injini inaishia wapi, 1NZ inatoa nguvu yake yote karibu na rpm 6,000, kemu inayoamka 5,500 kwa injini hiyo bila kubadilisha springi za valvu na limiti ya revu unainunua ikakae bure. Wallahi kwa Probox mie ningeacha.

Gari ya tabo (turbo) ni hadithi nyingine kidogo. Presha ya eksozi ikiwa kubwa kuliko ya intaki, valvu zikiwa wazi pamoja moshi unarudi ndani badala ya kutoka, kwa hivyo tabo ndogo ya kampuni haipatani na kemu ndefu. Forester ya EJ205 yenye tabo yake ya asili, kabla ya kemu shughulikia tabo, eksozi na tyuning.

Kabla ya kufunga, pima nafasi kati ya valvu na pistoni, na hapa kwa VVT mafundi wengi wanapima nusu. Wanaweka kemu kwenye alama za taimingi, VVT imelala, wanaona kuna nafasi, wanafunga. Valvu ya intaki inakaribia pistoni zaidi VVT ikiwa imesukumwa mpaka mwisho, kwa hivyo pima hapo. Gia ina pini inayoifunga ikiwa imelala, kwa VVT-i unaifungua kwa hewa ya kompresa kama bari 1.5 kwenye tundu lake la oili halafu unaizungusha kwa mkono mpaka mwisho. Tia springi laini za kupimia, zungusha krenki kutoka digrii 20 kabla ya juu mpaka 20 baada, kila baada ya digrii 2 sukuma valvu uone inabaki milimita ngapi. Kanuni ambayo watu wanaishika ni angalau milimita 2 intaki na 2.5 eksozi. Usitegemee kompyuta peke yake kuzuia VVT isifike mwisho, kwa sababu solenoidi (valvu ya umeme inayopitisha oili ya VVT) ikikwama wazi itaenda mwisho bila kuuliza mtu. Nafasi ikikosekana, chonga pistoni juu ipate nafasi ya valvu, au tafuta kizuizi cha chuma cha ndani ya gia, kama vile Comp Cams wanavyouza kwa V8 za GM, au chukua kemu ndogo. Springi nazo, valvu ikiwa chini kabisa ziwe bado na nafasi ya milimita 1 hivi kabla hazijabanana.

Oili usiifanyie mchezo. Hii gia inasukumwa na presha ya oili, na joto letu na foleni ya Kibarani oili inakuwa nyepesi kama maji. Safisha kichujio kidogo cha solenoidi, tia oili ya namba iliyoandikwa kwa injini yako na isiwe feki, kisha uone kwa skana kama VVT inafika inapoambiwa. Kama kwa kemu ya kampuni tu tayari inachelewa, springi ngumu zitaifanya iwe mbaya zaidi.

Tyuning iko hivi: kwa daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), kanyaga mara moja revu zipande mpaka juu VVT ikiwa sifuri, mara nyingine 10, nyingine 20, mpaka mwisho unaoruhusiwa, ziweke grafu zote pamoja, na kwa kila revu unachukua ile iliyo juu. Kwa Honda zenye injini za K watu wanatumia Hondata, Subaru kuna EcuTek, nyingine utahitaji kompyuta kamili kama Link au Haltech, na uhakikishe modeli unayonunua inaweza kuendesha VVT. Na mkitoka Mombasa kwenda kutyuni Nairobi mjue hili: kule presha ya hewa ni karibu kPa 83, huku kwetu baharini ni 101. Gari isiyo na tabo ikikanyagwa mpaka chini Nairobi haifiki kabisa zile safu za juu za ramani (jedwali la petroli na cheche ndani ya kompyuta), zinabaki za kukisia tu, halafu unateremka Mariakani, unakanyaga, injini inaingia mahali ambapo mtyuni hakuwahi kupagusa. Mwambie ajaze safu hizo kwa uangalifu, petroli kidogo zaidi na cheche isiwe mapema sana, na ukifika huku mpate kurekodi data upya na kumtumia kabla hujaanza kuringa na gari Dongo Kundu.