Namna ya Kuendesha Mikahawa ya Pizza Yenye Michezo ya Watoto Mombasa

Anayetaka kufungua mkahawa wa pizza wenye uwanja wa michezo ya watoto hapa Mombasa, na baadaye kuuongezea matawi, sharti akubali mapema kwamba anaanzisha biashara mbili chini ya paa moja: jiko lenye masharti yake ya afya, na uwanja wenye masharti yake ya usalama. Mtoto ndiye anayemvuta mzazi aingie, lakini mwenye kulipa na mwenye kuamua kama watarudi ni mzazi, naye hurudi pale tu alipoweza kuketi na kula bila roho kumruka kila mtoto anapopotea machoni.

Mtindo huu ulianzia Marekani mwaka 1977, wakati Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya michezo ya video ya Atari, alipofungua mkahawa wa kwanza wa Chuck E. Cheese mjini San Jose, California. Pizza iliufaa mpango huo kwa sababu huagizwa kwanza ndipo ikaokwa, na muda wa kungoja ndio muda wa watoto kucheza. Hesabu hiyo haijabadilika. Kwa maoni yangu, dakika 15 hadi 20 baina ya kuagiza na kuletewa ndicho kiasi kizuri. Zaidi ya hapo watoto wadogo huanza kulia njaa, na mzazi hukumbuka kilio kuliko ladha.

Anza na mlango, kabla hata ya kununua tanuri. Mlango wa wateja uwe mmoja tu, wa kuingilia na kutokea, na milango ya dharura iwe na kengele inayolia ikifunguliwa, lakini kamwe isitiwe kufuli. Mtoto anapoingia avishwe bangili ya karatasi yenye nambari, na mtu mzima aliyemleta avishwe yenye nambari hiyo hiyo. Wakati wa kutoka mhudumu azisome bangili zote mbili, moja baada ya nyingine, hata kama foleni imefika barabarani. Kwetu watoto huletwa na shangazi, na nyanya, na dada wa kazi, na pengine watoto wanane wa nyumba tatu huja na mama mmoja. Kwa hiyo kanuni iandikwe wazi: mtoto hatoki na mtu asiye na nambari yake, hata kama mtoto mwenyewe anamwita mtu huyo ami au mjomba, mpaka aliyemleta afike mlangoni na kuthibitisha. Watu wengine watakasirika. Mhudumu afunzwe kuomba radhi kwa adabu bila kulegeza kanuni, na meneja asimame upande wake mbele ya mteja. Kila anayefanya kazi karibu na watoto awe na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, na watoto wa chini ya miaka 3 watengewe sehemu yao, kwa sababu mtoto wa miaka 9 akiteremka mtelezo kwa kasi hawezi kujizuia.

Jikoni adui ni joto. Kinyunya cha pizza kinachochacha vizuri Nairobi kwa usiku mmoja kitafura na kupasuka Mombasa wakati wa kaskazi, na asubuhi kitanuka uchachu. Kwa kilo 10 za unga tumia takriban lita 6 za maji, gramu 200 za chumvi, gramu 300 za mafuta na gramu 30 za hamira kavu, na miezi ya Januari hadi Machi punguza hamira hata kufikia gramu 20. Maji yawe ya barafu, ili kinyunya kikimaliza kukandwa kiwe na joto la nyuzi 24 hivi; tumia kipimajoto, maana mkono uliozoea hewa ya pwani hauwezi kupima jambo hili. Kata madonge ya gramu 250, utapata zaidi ya 60, kisha yaingie friji la nyuzi 4 mara moja na yakae humo saa 24. Mhudumu akiyaacha mezani akaenda kula chakula cha mchana, madonge ya juu yatakuwa yameanza kuchacha kabla ya yale ya chini kupoa, na jioni hutaweza kutoa pizza mbili zinazofanana.

Suala la halali halina nusu. Ukitaka familia za Kisauni, Mvita na Nyali zije bila kuuliza maswali, jiko zima liwe halali na cheti chake kitundikwe panapoonekana. Usikague nyama peke yake: jibini lichunguzwe kimeng'enya kilichogandisha maziwa kilitokana na nini, na peremende za zawadi zichunguzwe kama gelatini yake ni ya nguruwe au la. Tenga pia chumba kidogo cha kuswalia.

Ratiba ya biashara ifuate maisha ya mji. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili watoto wengi wako madrasa, kwa hiyo sherehe za kuzaliwa zipangwe kuanzia alasiri. Mwezi wa Ramadhani mchana huwa mtupu, nao ni wakati mzuri wa kufanyia mashine matengenezo, na kazi huanza baada ya tarawehe. Siku za Idd watoto huja na mkono wa Idd mifukoni, wamevaa nguo mpya, na wanataka kucheza kuliko kula. Weka wahudumu wengi uwanjani kuliko jikoni, na bei ya michezo isipandishwe siku hizo.

Mashine za michezo huharibiwa na hewa ya chumvi zaidi kuliko mikono ya watoto. Vifungo huanza kushika, kisha waya za ndani hupata kutu ya kijani. Fungua kila mashine mara moja kwa wiki, ipulizwe vumbi, viungio vya waya vikaguliwe, na tarehe iandikwe katika daftari lenye ukurasa wa mashine hiyo. Stima ikikatika, taa za uwanja na za mlangoni ziwake papo hapo kwa betri kabla jenereta haijashika, kwa sababu sekunde chache za giza katika chumba chenye watoto 50 ni hatari kubwa. Mipira ya bwawa la mipira wanamochezea watoto ioshwe kwa sabuni na dawa ya klorini kisha ianikwe juani. Jiepushe na mashine za kubahatisha zinazotoa zawadi bila ustadi wowote, hata kama zina faida: sheria za kamari zinaweza kukufikia, na mtoto hapaswi kufunzwa kamari mahali anapokulia keki.

Kuhusu karatasi, utahitaji kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya afya, cheti cha zimamoto, leseni ya kupiga muziki, vyeti vya afya vya wahudumu wa chakula vinavyopimwa upya kila miezi 6, na ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya ushuru. Picha za sherehe zisitumiwe kwa matangazo bila idhini ya mzazi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka hivyo kwa habari za watoto.

Matawi ndiyo huangusha wengi. Kampuni ya mikahawa ya Bushnell ilipanuka kwa kasi, na soko la michezo ya video lilipoporomoka mwaka 1983 ikashindwa kubeba gharama, ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka 1984. Usifungue tawi la pili mpaka la kwanza limemaliza likizo nzima ya Agosti bila wewe kuitwa kuamua lolote. Chagua mahali kwa kufikiria gari linalopeleka kinyunya kutoka jiko kuu hadi matawini: jiko kuu likiwa kisiwani, tawi la Likoni litategemea foleni ya feri, basi liwe na friji la kuhifadhi madonge ya siku mbili. Kumbuka kwamba Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi na Diani iko Kwale, kwa hiyo kibali cha Mombasa hakitakufaa huko. Meneja wa tawi jipya awe amelelewa katika la zamani, ahame na wahudumu wawili wa mlangoni wenye uzoefu, na wapya wote waajiriwe katika tawi la zamani, ambako kuna wa kuwafunza.