Upanga wa kukatia: fungua mpini kabla ya kutoa pesa

Mgeni akiingia duka la katana, panga za Kijapani, hapa Nagoya, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye makali. Mimi humwambia aanze na msuka, ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini. Katana ya kuning'iniza ukutani mambo yake ni mengine. Lakini kama unataka ya kukatia mikeka, kama tunavyofanya dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, msuka mbovu maana yake chuma kinachomoka mkononi na kumrukia aliyesimama pembeni.

Kwanza lakini, karatasi. Japani kila upanga halisi una cheti cha usajili kutoka bodi ya elimu ya mkoa, chenye urefu, kimo cha mpindo na idadi ya matundu ya msuka. Hesabu na upime. Cheti kikisema tundu moja na wewe unaona mawili, shukuru, aga, ondoka. Ukinunua, una siku 20 za kuiarifu bodi kwamba upanga umebadilisha mmiliki. Na kama uko Mombasa au Dar unapanga kuja na katana ya kiwandani uliyoagiza mtandaoni, iache: upanga wa makali uliotengenezwa nje ya Japani hausajiliki kama upanga wa Kijapani, na forodha haina utani.

Baada ya hapo mwombe muuzaji afungue mpini. Usijaribu mwenyewe. Atasukuma nje mekugi, kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye tundu la msuka na kuushikilia mpinini, kwa kinyundo kidogo cha shaba. Kisha atashika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa wima umeinama kidogo, na kujipiga ngumi juu ya kifundo cha mkono huohuo. Chuma kitaruka kidogo na kulegea. Angalia msuka: uwe mnene, uwe kipande kimoja na upanga, na uingie sehemu kubwa ya mpini. Kutu yake nyeusi haisuguliwi kamwe; wajuzi huisoma kukadiria umri. Zile za mapambo mara nyingi zina fimbo nyembamba iliyochomelewa, na chuma chake hakishiki kutu. Hiyo haikati kitu, hata tikiti maji.

Mekugi nayo ishike kweli. Ikiingia kwa kidole tu, ni legevu. Hutumika mwanzi mkavu uliokomaa kwa sababu nyuzi zake huinama na kuendelea kushika, haukatiki ghafla. Mimi huikagua kabla ya kila zoezi, na mwalimu wetu hamruhusu mtu kusimama mbele ya mkeka bila kuikagua.

Sasa ndiyo makali. Simama chini ya taa moja, geuza upanga polepole mpaka mwanga uteleze kwenye ncha ya makali yenyewe. Unachotafuta ni ufa mwembamba kama unywele uliosimama wima kukata makali. Wajapani huuita hagire. Ukiwepo hata mmoja, upanga huo si wa kukatia, hata muuzaji apunguze bei vipi. Vitundu vidogo ubavuni vinavumilika. Uliza pia kama upanga uliwahi kuungua motoni ukachomwa na kupozwa upya. Huo nao tunauacha.

Sababu ya ukaguzi huu mkali ni jinsi upanga unavyotengenezwa. Fundi hupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, akaupasha moto na kuuzamisha majini. Makali hupoa haraka yakawa magumu sana, mgongo ukabaki laini. Ukikata vibaya, mgongo hupinda badala ya upanga wote kuvunjika. Ukipinda, acha kukata siku hiyo. Usiunyooshe gotini, mpelekee fundi.

Chagua usio na sahihi ya fundi, wenye mikwaruzo. Ni nafuu, na sioni raha kupigisha kazi ya bwana mkubwa kwenye mkeka wenye maji. Urefu wa karibu sentimita 70 huwafaa wengi. Makali membamba sana hupita kwenye mkeka kwa utamu, lakini kwenye mwanzi mbichi yatapata pengo.

Ukishalipa, kuna jambo la ala. Igeuze kichwa chini taratibu: upanga usitoke wenyewe. Unapochomoa, vidole vya mkono wa kushoto visikae juu ya upande wa makali, maana ala ni vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa, na makali yanaweza kupasua maungio na kufika kidoleni.

Mkeka: viringisha tatami omote, mkeka wa nyasi wa juu ya sakafu ya Kijapani, funga, loweka usiku mzima, kisha usimamishe maji yachuruzike. Simika kwenye kigingi. Kata kwanza mshazari, kutoka begani kwenda kiunoni, polepole kuliko unavyotamani. Halafu tazama uso wa kipande kilichobaki. Ukiwa bapa, makali yalifuata njia yake. Ukiwa na bonde, mkono ulipinda katikati.

Maji ya mkeka huleta kutu upesi, kwa hiyo futa hapohapo, kutoka shina kwenda ncha, kitambaa kikikumbatia mgongo na si makali. Ukishakauka, paka mafuta membamba sana. Mafuta ya jadi hutiwa karafuu, na ndugu yangu wa Pemba alipoyanusa kwangu aliuliza nani anapika pilau. Mazito yakibaki, hulowa ndani ya ala na kukusanya vumbi, kwa hiyo pitisha karatasi laini mara ya mwisho kabla ya kurudisha.